Utamu Ulipoanza Kuuzwa Kijijini

Katika kijiji alikozaliwa mama yangu, kaskazini mwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kando ya barabara iendayo Katana, utamu ulikuwa na wenyewe. Simaanishi kwamba watu walikosa kitu kitamu. Miwa ilikuwepo, asali ilikuwepo, na migomba ya ndizi za pombe ilifunika vilima vile tangu enzi za mababu. Ninachomaanisha ni kwamba kitu kitamu hakikuwa cha mtu kujichukulia: kilikuwa na wa kukitoa, na wa kukipokea kwanza, na siku yake. Ndiyo maana duka dogo la bombo, yaani peremende, lililofunguliwa na mama mmoja mzee aliyetoka upande wa Beni, lilikitikisa kijiji kuliko maduka mengine yote yaliyowahi kufunguliwa pale, yakiwemo yale yanayouza sigara na pombe kali za chupa ndogo. Watu wa mjini nikiwasimulia habari hii hucheka na kusema kwamba ni ujinga wa wanakijiji walioogopa peremende. Haukuwa ujinga. Wazee wetu waliona jambo halisi likiwatoka mikononi, ingawa mara nyingi walilipa jina lisilo lake.

Anayetaka kulielewa jambo hilo aanze na kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Ndizi hufukiwa katika shimo lililotandikwa majani ya migomba mpaka ziive, kisha humenywa na kukandwa pamoja na nyasi hadi maji yatoke. Maji hayo huchujwa, hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, na baada ya siku mbili au tatu huwa pombe. Kabla hayajachacha ni matamu kupita soda yoyote, na hapo ndipo ilipokuwa haki ya watoto. Bibi yangu alitupanga kwa umri mlangoni pa jiko, na kikombe kimoja cha bati kilizunguka kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo. Hakuna aliyeomba, aliyeomba alirudishwa mwisho wa mstari, naye alijua sababu. Pombe ilipokuwa tayari, mwenye nyumba alionja kwanza mbele ya wageni ili waone kwamba haina kitu kibaya, kisha akampa mkubwa wao, na kutoka hapo kinywaji kikashuka kwa kufuata umri, ukoo na ukwe. Mkwe hakutangulia kunywa mbele ya baba mkwe. Ndugu wawili waliogombana walipopewa chombo kimoja, watu wote walijua kwamba ugomvi umekwisha. Mtu mzima aliyekaa katika duara lile aliweza kupima hali yake yote: nani anamheshimu, nani amemsahau, nani bado ana kinyongo naye. Posa ilipitia hapo, kilio kilipitia hapo, na hata mpaka wa shamba ulipoamuliwa, uamuzi ulifungwa hapo.

Sasa weka kando ya mpango huo ubao mmoja uliowekwa juu ya matofali, mitungi minne ya plastiki yenye vifuniko vyekundu, na mtoto wa miaka sita mwenye noti ya faranga 100 mkononi. Ananunua, anaweka mdomoni, anaondoka. Hakupangwa na mtu, hakusubiri mkubwa wake, hakumshukuru mjomba. Pesa yake imemfanya kuwa sawa na mzee wa baraza kwa muda wa kumumunya bombo moja. Kwa maoni yangu, hilo ndilo lililowasumbua watu, na nalichukulia kuwa jambo zito, kwa sababu utaratibu wa kupeana ndio uliokuwa ukumbusho wa kila siku kwamba mtu ni wa watu fulani.

Yule mama hakuja kwa kupenda. Tangu Oktoba 2014 vijiji vya Beni vimekuwa vikishambuliwa usiku na mchana, na wakulima wengi wameuawa wakiwa mashambani, hasa wakati wa kuvuna kakao. Shamba lake lilikuwa la kakao. Huko kwao, kama ilivyokuwa sehemu kubwa ya kaskazini mashariki mwa Kongo, watu walilima kahawa ya robusta mpaka ugonjwa wa mnyauko ulipoimaliza katika miaka ya 1990, na wengi wakapanda kakao mahali pa mibuni iliyokauka. Punje zake huchachushwa, huanikwa juani, hutiwa katika magunia na kuvushwa hadi Uganda, kisha huenda Ulaya na Asia. Wengi wa waliozilima huzeeka bila kuonja kinachotengenezwa kwazo. Mambo yalianza kubadilika kidogo tu baada ya kiwanda cha chokoleti kuanzishwa Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, kwa mpango wa Hifadhi ya Virunga, na wakulima wa jirani wakajua kwamba kazi hiyo inaweza kumalizikia hapohapo walipo. Mama huyu hakupata kazi kiwandani. Alijifunza kwa kuuliza waliofanya kazi, akarudia nyumbani kwa vyombo alivyokuwa navyo. Mwanawe, fundi wa kujenga nyumba, alikuwa ameoa kijijini kwetu, na hali ilipozidi kuwa mbaya alikwenda kumchukua. Alifika akiwa na mizigo miwili, mmoja ukiwa gunia dogo la kakao.

Nilimtembelea akiwa kazini, na napenda kueleza nilichokiona, kwa sababu waliomsema vibaya wengi wao hawakuwahi kuingia jikoni mwake. Alikaanga punje polepole katika sufuria pana juu ya makaa, akizigeuza kwa mwiko bila kupumzika, maana punje ikiungua hata upande mmoja huharibu zote. Zilipoanza kupasuka na kutoa harufu aliziweka katika ungo, akazimenya moja moja kwa vidole, akapepeta maganda. Kisha akazipitisha katika mashine ya mkono, ileile ambayo akina mama wa soko la Kadutu mjini Bukavu hutumia kusagia karanga, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano, mpaka zikawa uji mzito mweusi unaong'aa kwa mafuta yake wenyewe. Aliongeza sukari aliyoitwanga ikawa laini na maziwa ya unga, akaweka sufuria hiyo ndani ya sufuria nyingine yenye maji ya moto, akikataa kabisa hata tone moja la maji liingie, kwa kuwa tone moja huufanya uji wote ugande kama mchanga uliolowa. Mwisho alimimina katika sinia, akalipeleka mahali penye upepo. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 34, chini kidogo ya joto la mwili wa binadamu, ndiyo maana chokoleti hukaa imara mkononi kwa muda mfupi tu na kuyeyuka mara inapogusa ulimi. Katika nchi yenye joto kali angehitaji friji. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha takribani mita 1,460, na usiku wa vilima vyetu ni baridi, kwa hiyo asubuhi sinia lilikuwa limekwisha kuwa gumu, naye alilikata kwa kisu vipande vidogo kuliko kidole gumba.

Chokoleti yenyewe ilikuwa na chembechembe. Haikuwa laini kama ile inayouzwa katika maduka makubwa ya Ibanda, Bukavu. Ilikuwa na uchungu kwanza, kisha utamu. Pamoja nayo aliuza karanga zilizochovywa katika sukari iliyoungua na bombo za tangawizi. Vipande vya chokoleti vilikuwa ghali zaidi, na wanaume hawakuamini kwamba mtu angenunua kitu hicho. Walionunua walikuwa wake zao.

Akina mama wa kijiji hiki wengi hufanya biashara ndogo: wanachukua sambaza, samaki wadogo wa ziwani, ufukweni alfajiri, wanazikausha au kuziuza mbichi, na jioni wanarudi na pesa ambayo, kwa desturi, hesabu yake hufanywa mbele ya mume. Pesa hiyo haikuwa na kipande cha mwenyewe. Ilikuwa ya chumvi, ya sabuni, ya kalamu za watoto, ya mchango wa kanisa. Duka la bombo lilikuwa kando ya njia ya kutoka ziwani, na wale akina mama walianza kusimama pale wakiwa na ndoo kichwani, kununua kipande kimoja, na kukila wakiwa wamesimama, kimya, kabla ya kupanda mlima. Mmoja wao aliniambia, "Mwanangu, hiki ndicho kitu pekee ninachokula kwa siku ambacho hakuna aliyekigawa." Alisema hivyo bila hasira hata kidogo, na ndiyo maana maneno yake yaliniingia. Baada ya muda mfupi hesabu za jioni zilianza kupungukiwa faranga mia mbili au mia tatu, na mashauri yakafika kwa mkuu wa kijiji. Mzee mmoja alidai duka lifungwe kwa sababu linawafundisha wanawake kuficha. Mimi naona kinyume chake: duka lilionyesha tu kwamba mwanamke anayeamka saa kumi usiku hakuwa na haki ya faranga 200 za jasho lake, na kwamba kila mtu alikuwa amezoea hivyo, hata yeye mwenyewe.

Kisha ikaja Kwaresima. Kijiji ni cha Wakatoliki kwa sehemu kubwa, na mfungo huheshimiwa sana: watu huacha nyama, huacha pombe, na wazee wengine hubaki na mlo mmoja. Katekista alisimama baada ya misa ya Jumapili na kuwaomba waumini wajinyime pia "vitu vya dukani vya kufurahisha ulimi", na hakuna aliyekuwa na shaka ni duka gani. Sikushangazwa na maneno yake, kwa maana Kanisa limewahi kuujadili utamu huu kwa miaka mingi kabla ya kijiji chetu kuusikia. Chokoleti ilipoingia Hispania kutoka Amerika katika karne ya 16, wanateolojia walibishana ikiwa kuinywa kunavunja mfungo, mpaka katika miaka ya 1660 Kadinali Francesco Maria Brancaccio alipoandika Roma kwamba kinywaji, kwa kuwa ni kinywaji, hakivunji mfungo. Na huko Chiapas, kusini mwa Meksiko ya leo, mtawa Mwingereza Thomas Gage alisimulia katika karne ya 17 kuhusu askofu aliyewakataza mabibi wa mji kunywa chokoleti wakati wa misa. Wao wakahamia kusali kwingine, askofu akafa, na uvumi ukaenea kwamba sumu ilitiwa katika kikombe chake mwenyewe cha chokoleti. Nilimsimulia katekista habari ya kadinali. Ile ya askofu niliificha, kwa sababu neno sumu kijijini kwetu si la kusimuliwa hovyo.

Hapa lazima niandike juu ya karuho, ingawa najua wapo wasomaji watakaokasirika. Kila aliyekulia Kivu ameonywa nalo: kitu ambacho adui humwekea mtu katika chakula au kinywaji, kikamla polepole, akakohoa, akakonda, tumbo likavimba. Mtoto hufundishwa tangu akianza kutembea kwamba asile kwa watu wasiojulikana. Waganga wengi huishi kwa kuwatapisha watu karuho, na nimeona kwa macho yangu watu wenye kifua kikuu au vidonda vya tumbo wakimaliza miezi kwa waganga na kufika hospitalini wakiwa wamechelewa. Sisemi kwamba hakuna mtu aliyewahi kumtilia mwenzake sumu. Nasema kwamba woga huu huangukia karibu kila mara juu ya watu walewale: mjane, mzee, mgeni. Mama wa bombo alikuwa yote matatu, na kazi yake ilikuwa kuweka kitu mdomoni mwa watoto wa watu.

Aliyemwokoa, kwa maoni yangu, hakuwa padri wala mkuu wa kijiji. Alikuwa mama mmoja mzee mpika kasiksi, mtu aliyekuwa na kila sababu ya kulichukia duka lile, kwa kuwa watoto walikuwa wameacha kujipanga mlangoni pake. Siku moja alikwenda pale mbele ya watu akamwambia, "Mama, huku kwetu anayempa mtu kitu cha mdomoni huonja kwanza. Mbona wewe huonji?"

Yule mwingine alijibu, "Hata kwetu ni hivyo, mama. Nilidhani mahali pa kuuza haifanyiki."

"Kwetu hufanyika popote."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi alipofungua, alichukua kipande kimoja katika kila mtungi na kukila mbele ya waliokuwepo, na mtungi mpya ulipofunguliwa mchana alifanya vivyo hivyo. Hakuandika tangazo wala kulalamika kwamba anadhalilishwa. Mimi nilidhalilika kwa niaba yake, nikamwambia kwamba hakuna mwenye duka mwingine anayelazimishwa kula bidhaa zake. Alinijibu kwamba hao wengine wanauza vitu vilivyofungwa viwandani, na kiwanda hakina uso. Yeye anauza kitu kilichotoka mikononi mwake, basi ni haki mikono hiyo ijulikane. Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi, na kila mara naona kwamba alikielewa kijiji chetu upesi kuliko sisi tuliozaliwa na wazazi wa pale na kuhamia mjini.

Jaribio lenyewe lilikuja mtoto mmoja wa darasa la pili alipoanguka kwa homa na kutapika, na katika matapishi yake mkaonekana weusi wa chokoleti. Watu walijikusanya. Jamaa wawili walitaka kwenda kwa bajakazi, wale watabiri wanaodai kuwatambua wachawi. Wasomaji wa Kivu Kusini wanajua jambo hilo linaweza kuishia wapi: mwaka 2021 wanawake kadhaa wa mkoa wetu, wengi wao wazee, waliuawa na makundi ya watu baada ya kunyooshewa kidole kwa namna hiyo hiyo, wengine wakichomwa moto. Mkuu wa kijiji, ambaye katika mashauri ya faranga mia mbili alikuwa ameegemea upande wa waume, safari hii alisimama imara. Aliamuru kwamba hakuna atakayekwenda popote kabla ya mtoto kupimwa katika kituo cha afya, na akaenda naye mwenyewe. Mpika kasiksi, kwa upande wake, alisema mbele ya umati kwamba asubuhi ile aliuona mtungi ukifunguliwa na mama wa bombo akila wa kwanza, na kwamba atakayesema uongo juu ya kitu kilichoonjwa amseme na yeye. Mtoto alikutwa na malaria. Alipona baada ya siku chache, na jamaa zake, jambo ambalo nawapongeza kwalo, walikwenda kuomba radhi wakiwa na kuku mkononi.

Baada ya hapo watu wengine walitaka kuugeuza mkasa huo kuwa ushindi wa duka katika kila jambo, na hapo mimi nasimama na wazee. Malalamiko yao mengine yalikuwa ya haki. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu mtu anayopata katika chakula, na ikiwezekana iwe chini ya nusu ya hapo. Shauri hilo linahusu hata nchi zenye waganga wa meno kila mtaa, sembuse kijiji ambako jino bovu hung'olewa kwa koleo au huachwa lioze. Mkoa wetu una watoto wengi waliodumaa kwa kukosa chakula kamili, wenye nywele nyekundu na miguu iliyovimba, huku ziwa limejaa samaki na mashamba yana maharage. Mtoto anayeshiba bombo saa nne asubuhi hali vizuri saa saba. Na tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019, shule zimefurika, na noti ndogo ambayo mzazi humpa mtoto kwa ajili ya kipande cha muhogo cha saa ya mapumziko huishia kwa muuzaji aliye karibu na lango. Haya mama wa bombo aliyakubali kuliko nilivyotarajia. Alikataa kabisa kuwakopesha watoto, akaacha kufungua kabla ya masomo kumalizika, na bombo zake za tangawizi akazipunguza ukubwa. Kuhusu meno alisema tu kwamba yeye mwenyewe hana mengi, na watoto wanaweza kumtazama.

Nisichokubali ni hoja iliyorudiwa sana barazani, kwamba kitu cha mgeni si cha kwetu na kwa hiyo kitavunja desturi. Desturi ipi hasa? Maharage tunayoyaita chakula cha Bashi, kabila la huku kwetu, yalitoka Amerika, na muhogo na mahindi pia. Miti ya kwinini iliyopandwa Kabare, ambayo ilizipa familia nyingi kazi, ina asili yake katika milima ya Andes. Kahawa ya arabika ililetwa na wakoloni. Hata sambaza, samaki ambaye mtu wa Bukavu humlilia akiwa ugenini, hakuwepo katika Ziwa Kivu. Alichukuliwa Tanganyika na kutiwa humo mwishoni mwa miaka ya 1950, na wapo wazee walio hai ambao walizaliwa kabla yake. Akina mama wanaosimama dukani na ndoo kichwani wanaishi kwa samaki mgeni. Kila kimoja kati ya vitu hivyo kilipofika kilimkuta mtu akisema kwamba sasa kijiji kimekwisha, na kila kimoja kilibadili jambo kweli. Swali la maana huwa ni nani anapoteza na nani anapata, na kama waliopoteza walisikilizwa.

Aliyepoteza hapa alikuwa mpika kasiksi, na habari yake ndiyo inayoendelea hadi sasa. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipanda kupita dola 10,000 kwa tani, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana, na jamaa wa Beni waliokuwa wakimtumia mama wa bombo gunia dogo hawakuweza tena kukataa bei za wanunuzi. Kisha mwanzoni mwa 2025 mapigano yalifika Goma na baadaye Bukavu. Benki zilifungwa, na mizigo iliyokuwa ikiteremka kwa magari hadi Goma na kuvushwa kwa boti ikakatika. Chokoleti iliisha. Kwa wiki kadhaa mitungi ilikuwa na karanga tu, na sukari nayo ilipanda bei mpaka karanga zikawa za wenye uwezo.

Mpika kasiksi ndiye aliyempelekea bidoni, yaani dumu, la kwanza la maji ya ndizi, kabla hayajatiwa mtama. Waliyachemsha pamoja kwa saa nyingi, wakitoa povu kwa kijiko, mpaka yakawa mazito na ya rangi ya kahawia kama asali ya msituni, wakayamimina juu ya karanga zilizokaangwa na kuyaacha yagande usiku kucha. Nimeila bombo hiyo. Ina moshi kidogo, na ina ladha ya kile kikombe cha bati, lakini ni ngumu na inadumu siku nyingi, na haihitaji sukari ya kununua hata kijiko kimoja. Wapika kasiksi wengine watatu wameanza kuuza maji yao kwa bidoni.

Na sasa kuna shauri jipya barazani, ambalo naliona kuwa gumu kuliko yote yaliyotangulia. Bidoni moja likiuzwa kwa mama wa bombo, kuna kasiksi pungufu. Na mwezi uliopita, katika kilio cha mzee mmoja, wafiwa walikaa jioni nzima na pombe isiyotosha kuzunguka duara mara moja, jambo la aibu ambalo halijawahi kutokea. Wazee wanataka kuwepo kanuni kwamba panapotokea kifo maji yote ya ndizi yaliyokandwa siku hiyo yaende kwa wafiwa kwanza, kwa bei ya zamani. Wapika kasiksi wamekubali sehemu ya kwanza na kuikataa ya pili: wanasema wafiwa watatangulia, lakini watalipa bei ileile anayolipa mama wa bombo, kwa kuwa kuni na ndizi hazina bei ya msiba. Mama wa bombo, alipoitwa kutoa maoni, alisema kwamba yeye ni mtu wa kuja na atafuata litakaloamuliwa, lakini angeomba kama inawezekana apewe taarifa mapema, maana karanga zilizokwisha kukaangwa zikikosa maji ya ndizi siku hiyo hulainika na hazifai tena. Mkuu wa kijiji ameahirisha shauri hadi baada ya mavuno ya maharage, na ametaka safari hii wapika kasiksi wakae ndani ya baraza, si nje mlangoni.